Niliitwa Daktari, Nami Nikanyamaza

Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja. Naishi Butimba, hapa Mwanza, na mke wangu wa ujana. Tuna watoto wawili na wajukuu watano. Jina langu nitalificha, na wasomaji wenzangu mnisamehe kwa hilo. Nikishamaliza kusimulia mtaelewa kwa nini.

Nimesukumwa kuandika na mjukuu wangu. Mwezi uliopita alikuja kuniambia kwamba anataka kusomea udaktari wa falsafa katika mambo ya fedha. Alitaka kujua kama masomo hayo yana kazi mbele yake. Alikaa karibu nami, macho yanamng'aa, akasema, "Babu, wewe uliyepita njia hiyo, nishauri."

Mimi niliyepita njia hiyo! Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa...

Nilizaliwa wilaya ya Muleba, katika familia ya Kilutheri. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, na mzee wa kanisa. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alisoma kila karatasi iliyopita mbele yake, hata gazeti lililofungiwa sabuni. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza kufika chuo kikuu. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilipangiwa kazi Mwanza, katika idara ya fedha ya shirika moja la umma lililonunua pamba.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Tuliitana ndugu, kuanzia meneja mpaka mfagizi, na tuliamini kweli kwamba nchi tunaijenga sisi.

Aliyenipokea ofisini ni Mzee Masalu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa fedha. Alikuwa Msukuma wa Buhongwa, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Hakuwa na shahada hata moja. Alianza kazi kwa kupima pamba kwenye mizani za vijijini, akapanda cheo kimoja kimoja mpaka akafika pale. Kazi aliijua kama mtu anavyojua nyumba yake gizani. Mimi na shahada yangu sikujua lolote! Yeye ndiye aliyenifundisha jinsi ya kukisia msimu utahitaji fedha kiasi gani, na kwa nini mkulima asicheleweshewe malipo hata siku moja.

Aliniita mwanangu. Jumapili nilikwenda kwake Buhongwa, na mkewe, Mama Masalu, alinipa maziwa ya mgando katika kibuyu. Nilipooa, wao ndio waliosimama upande wangu, kwa sababu wazazi wangu walikuwa ng'ambo ya ziwa na baba alikuwa mgonjwa.

Nilimwoa Leokadia, binti Mkatoliki wa Bukoba, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Tulipanga vyumba viwili Mabatini. Mungu alitujalia watoto wawili harakaharaka, Kemi na mdogo wake.

Kisha ikaja nafasi moja ya masomo Ulaya. Nafasi moja tu, ya udaktari katika fedha, kwa mtu wa mashirika ya mazao!

Ndugu zangu, mnajua maana ya jambo hilo wakati ule? Watu wenye shahada hiyo nchi nzima walikuwa wachache mno. Ukirudi nayo, unasubiriwa. Benki inakutaka, wizara inakutaka, chuo kikuu kinakutaka, na shirika lako halikubali kukuachia. Nililala nikiota nimekalia kiti kinachozunguka.

Barua ya kunipendekeza aliiandika Mzee Masalu kwa mkono wake. Aliandika kwamba shirika halina kijana mwingine kama mimi.

Leokadia naye alikuwa na barua yake. Alikuwa amekubaliwa chuo kikuu kusomea shahada ya ualimu mwaka uleule. Tulikaa mezani na barua mbili mbele yetu na watoto wawili wanalia chumbani. Sikumwambia aache. Nilinyamaza tu nikamtazama... Akaikunja barua yake akaiweka sandukuni.

"Nenda wewe, Baba Kemi," alisema. "Ukirudi Daktari, na mimi nitakwenda."

Nilikaa Ulaya miaka minne. Sitawachosha na habari za baridi na upweke. Profesa aliyenisimamia alikuwa mtu mwema, mwenye nywele nyeupe na kicheko kikubwa. Utafiti wangu ulihusu jinsi vyama vya wakulima vinavyopata fedha za kununulia mazao. Niliandika sura sita. Nilijiona nimemaliza.

Siku ya mtihani wa mdomo nilikaa mbele ya wazee watano. Waliuliza, nikajibu. Walipofika sura ya nne wakaanza kutazamana. Baadaye nikaitwa, nikaambiwa kwamba kazi ni nzuri, lakini sura ya nne haisimami. Nimekisia mahali nilipopaswa kuthibitisha. Nimepewa miaka miwili niiandike upya, kisha nirudi mbele yao.

Hawakusema nimeshindwa. Walisema nisahihishe! Lakini mimi nilisikia neno moja tu. Nimeshindwa... Mimi, kijana ambaye shirika halina mwingine kama yeye!

Profesa aliniambia nisikate tamaa, wengi hurudishwa, yeye mwenyewe alirudishwa ujanani. Sikumsikiliza. Ufadhili ulikuwa umekwisha, tiketi ya ndege ilikuwa mezani. Nikamwandikia mke wangu barua fupi. Niliandika, "Mtihani nimefanya. Narudi nyumbani."

Kila neno la barua ile lilikuwa la kweli. Na barua nzima ilikuwa uongo.

Niliposhuka kwenye ndege Mwanza nilikuta ngoma! Wafanyakazi wenzangu walikuja na lori la shirika. Leokadia alikuwa amevaa kitenge kipya, watoto wamekatwa nywele vizuri. Baba yangu alikuwa amevuka ziwa kwa meli, na koti lake la kanisani, anatetemeka kwa furaha. Na mbele yao wote Mzee Masalu, ameshika ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: KARIBU NYUMBANI DAKTARI WETU.

Nilikuwa nimepanga kusema. Naapa nilikuwa nimepanga! Ndani ya ndege nilifanya mazoezi ya maneno yenyewe. Lakini baba alinikumbatia akaanza kulia, akasema, "Daktari wangu... Daktari wangu..."

Ningemwambia nini pale, mbele ya ngoma?

Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake kulikuwa na sherehe ofisini. Keshokutwa baba alichinjiwa mbuzi. Wiki iliyofuata Meneja Mkuu aliniita akaniuliza habari za cheti, kwa ajili ya jalada langu. Hapo ndipo nilipotoka kwenye kunyamaza nikaingia kwenye kusema.

"Cheti kinafuata kwa posta," nilijibu. "Kule hawakitoi mpaka kitabu cha utafiti kichapwe kwanza."

Akaandika kwenye jalada langu. Nikatoka ofisini mwake nikiwa Daktari.

Mwezi mmoja haukuisha, nikateuliwa mkuu wa fedha. Na Mzee Masalu je? Shirika halikuwa na kiti kingine cha kumkalisha mtu mwenye umri wake asiye na shahada. Wakampeleka Ukerewe, kusimamia ghala la pamba kule Nansio!

Nilikwenda kwake Buhongwa kumpa pole. Nilitegemea kukuta uso wa hasira, na nadhani nilikuwa nautamani uso huo. Badala yake alisimama akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, usinipe pole," alisema. "Kiti amekikalia mtu aliyesoma. Si ndicho nilichokuombea?"

Mama Masalu alikuwa anaumwa moyo siku nyingi na hakuweza kuhamia kisiwani, mbali na hospitali na ng'ombe wao. Kwa hiyo mzee akaenda peke yake. Watu wawili waliolala chumba kimoja tangu ujana wao wakatenganishwa na maji... kwa sababu yangu.

Nami nikahamia kilimani, kwenye nyumba ya shirika inayotazama ziwa. Nikapewa gari na dereva. Leokadia aliniuliza mara mbili habari za kwenda chuo. Mara ya kwanza nilimwambia ofisi imenielemea, asubiri. Mara ya pili nilikasirika. Nilijua akienda chuo kikuu atakutana na wasomi, na wasomi huulizana nani kasoma wapi, chini ya nani. Niliogopa. Nikamzibia mke wangu njia ili siri yangu isionekane!

Kazi yenyewe niliifanya, si vibaya sana. Lakini kila posta ilipoletwa moyo uliruka. Mkoba wenye sura ya nne niliuweka juu ya kabati, na sikuwahi kuufungua. Miaka miwili niliyopewa ilianza kuyeyuka. Ningeweza kuomba likizo. Ningeweza kuiandika asubuhi na mapema kabla ya kazi. Ningeweza! Lakini kuufungua mkoba ule kulikuwa ni kukiri kwamba bado sijawa yule wanayemwita, na watu walikuwa wananiita kila dakika. Daktari shikamoo. Daktari chai tayari. Daktari tia saini hapa.

Mwaka wa pili, msimu wa mvua, Mama Masalu alizidiwa. Walituma simu ya upepo Nansio. Meli haikuwepo siku ile. Mzee Masalu alifika kesho yake jioni akamkuta mkewe hasemi tena. Alimshika mkono siku mbili, mama akafariki.

Nilikwenda msibani na gari la shirika. Nilikaa mbele, kwenye kiti, wakati wengine wamekaa chini. Mzee Masalu alisimama kushukuru waombolezaji, na mimi nikawa wa kwanza kutajwa.

"Namshukuru Daktari, mwanangu," alisema. "Na shughuli zake zote amekuja."

Watu walinigeukia kwa heshima. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini haikupasuka, na mimi nikainamisha kichwa taratibu, kama mtu mkubwa anavyofanya.

Hivi ndivyo nilivyokuwa, wasomaji wenzangu. Siwafichi.

Miezi mitatu baada ya msiba nilipata barua kutoka Ulaya. Profesa wangu alikuwa anazuru vyuo vya Afrika Mashariki pamoja na mkewe, na angependa kupita Mwanza kuniona, na kuwaona wakulima niliowaandika. Barua ilikuwa imechelewa njiani. Aliandika kwamba atafika Alhamisi. Siku niliyoisoma ilikuwa Jumanne!

Nikaanza kupanga, kama mwizi anavyopanga. Nilimwambia Meneja Mkuu kwamba mgeni amechoka na safari na hapendi shughuli za ofisini, yeye anataka vijiji tu. Nikawapokea mwenyewe uwanja wa ndege, nikawapeleka hotelini moja kwa moja. Kesho yake nikapanga tuende kijiji kimoja cha Ujamaa mbele ya Buhongwa, kwenye barabara ya Shinyanga, ambako hakuna aliyejua Kiingereza.

Tatizo lilikuwa mke wa Profesa. Alihitaji mwanamke wa kukaa naye. Kilichonipofusha mpaka leo sijui. Meneja Mkuu ndiye aliyesema kwamba mke wangu aende, na mimi sikupata sababu ya kukataa.

Njiani dereva aliniita Daktari, na Profesa akacheka akaniuliza kwa Kiingereza mbona naitwa hivyo. Nilimjibu kwamba ni utani wa watu wetu, wanapenda kumpandisha mtu cheo. Leokadia alikuwa kiti cha nyuma anaongea na yule mama. Nilidhani hakusikia.

Kijijini tulikuta watu wengi wamekaa chini ya paa la ghala. Mwenyekiti wa kijiji alitukaribisha, akinamama wakapiga vigelegele. Profesa aliombwa aseme neno, nami nikasimama kando yake kutafsiri.

Alianza vizuri. Alishukuru. Alisema amesoma habari za kijiji kama hiki kwa miaka minne bila kukiona. Nikatafsiri neno kwa neno. Kisha akaniwekea mkono begani, akatabasamu, akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo kama yalivyotoka.

Alisema, "Rafiki yenu huyu bado hajawa daktari. Imebaki sura moja, na muda uliobaki ni miezi mitano. Ni sura inayohusu ninyi. Nimekuja kumwomba aimalize, na ninyi mnisaidie kumwomba. Akiimaliza, shahada hiyo itakuwa yake na yenu."

Alisema kwa upendo mtupu! Hakujua anachofanya.

Watu mia mbili walikuwa wananitazama. Mwenyekiti akauliza, "Anasemaje, Daktari?"

Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Profesa anasema anajivunia sana kuona mwanafunzi wake amekuwa Daktari, na kwamba shahada hii ni yangu na yenu."

Makofi! Vigelegele! Profesa akadhani wamekubali kunisihi, akafurahi, naye akapiga makofi. Mkewe akapiga. Wazee wakasimama.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Leokadia alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Alimtazama Profesa, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka mahali asipopajua.

Tuliporudi aliongea na yule mama njia nzima, taratibu, kwa heshima, kama hakuna kitu. Tuliwaacha hotelini. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akawapa watoto chakula, akawaambia wakacheze nje. Kisha akaja sebuleni.

"Baba Kemi, mimi Kiingereza nakifundisha," alisema.

Nikageukia dirisha.

"Nimesikia alichosema. Na nimesikia ulichosema. Yote mawili nimeyasikia."

Nikaanza kueleza. Nilisema habari za ngoma, za baba, za ubao wa rangi nyekundu. Nilisema nilitaka kusema. Nikasema hata yeye aliieneza habari kabla sijafika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilikunja barua yangu," alisema polepole. "Hiyo ni yangu na wewe, tutaijua wenyewe. Lakini Mzee Masalu? Mkewe amekufa, yeye yuko kisiwani analinda pamba. Kwa sababu ya nini?"

Nililia. Nilipiga magoti nikamwomba anipe muda. Hakuniinua.

"Meli ya Nansio inaondoka Jumamosi," alisema. "Usipopanda wewe, nitapanda mimi."

Nilipanda. Ziwa lilikuwa limetulia siku ile na mimi nilitapika safari nzima.

Nilimkuta Mzee Masalu mlangoni mwa ghala, amekaa juu ya gunia, anashona magunia yaliyochanika. Alikuwa amekonda. Aliponiona alijaribu kusimama haraka, goti likamkatalia.

"Daktari! Mbona hukutuma habari? Ningekutafutia samaki."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa."

Nikakaa chini kabisa, sakafuni. Nikasema yote, tangu mtihani mpaka makofi ya kijijini. Sikuweza kumtazama. Nilitazama sindano yake kubwa, nikaona imesimama.

Kisha akauliza, "Ofisini wanajua?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kwako kwanza."

"Umekuja kwangu kwanza," alirudia. "Umekuja ili nikwambie nimekusamehe, basi yaishe hapa kisiwani, usiende kwao."

Sikuwa nimejua hilo mpaka aliposema yeye. Lakini ilikuwa kweli! Ndivyo nilivyokuwa nikiomba njia nzima.

"Sikwambii hivyo," alisema. "Mama Masalu aliniita siku mbili, watoto wananiambia. Mimi niko hapa nahesabu magunia. Nilikuwa najifariji kwamba ni kwa faida ya shirika, kwamba kiti amekikalia mtu aliyenizidi. Sasa nijifariji na nini?"

Akachukua gunia lake akaendelea kushona. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho, "Meli inarudi saa nane. Usiikose."

Hakunipa mkono. Sikustahili.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Meneja Mkuu. Mchana nilisimama mbele ya wafanyakazi wote nikasema kwa mdomo wangu kwamba mimi si Daktari na sijawahi kuwa. Hakuna aliyenizomea. Walinyamaza tu, na wengine wakatazama miguu yao, kana kwamba wao ndio waliokosa. Hiyo ilinichoma kuliko kuzomewa.

Niliondolewa kwenye cheo, kwenye gari na kwenye nyumba ya kilimani. Tukarudi Mabatini, watoto wanauliza kwa nini. Nikawa karani wa kawaida, nakaa chumba kimoja cha ofisi na vijana niliowatilia saini barua zao za ajira. Mzee Masalu alirudishwa kwenye kiti chake. Alifanya kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha akastaafu kwenye nyumba isiyo na mkewe. Tulipokutana njiani alinijibu salamu yangu vizuri. Lakini hakuniita tena "mwanangu", mpaka anakufa.

Na sura ya nne? Profesa aliandika tena, akanisihi. Niliufungua mkoba mara moja. Nikakuta mapendekezo ya wazee wale watano, yameandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa upole. Ilikuwa kazi ya miezi minne, pengine mitatu! Ule mlima wote niliokuwa nimeukimbia ulikuwa kazi ya miezi mitatu... Lakini sasa hakuna aliyekuwa tayari kunipa ruhusa ya safari, na mimi mwenyewe nguvu zilikuwa zimekwisha. Muda ukapita. Sikumaliza.

Leokadia alikwenda chuo kikuu mwaka uliofuata. Hakuniomba, alinijulisha. Mimi nilibaki na watoto, nikajifunza kupika uji na kusuka nywele za Kemi. Alirudi na shahada yake, baadaye akapata ya pili, akawa mwalimu mkuu. Hakuniacha. Watu husema nina bahati, na ni kweli. Lakini kuna kitu hakikurudi. Mpaka leo nikimwambia sukari imekwisha, anainuka anakwenda kutazama kopo mwenyewe. Hafanyi kwa ubaya, nadhani hata hajui kwamba anafanya. Mimi ndiye ninayemwona, kila mara, kwa zaidi ya miaka arobaini.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hata Leokadia alishindwa kunisukuma nilifanye.

Baba yangu sikumwambia! Alikuwa mgonjwa, alikuwa ng'ambo ya ziwa, na habari za Mwanza hazikumfikia. Kila nilipokwenda likizo alinitambulisha kanisani, nikainuka kwenye benchi na watu wakageuka. Nilijiambia nitamwambia akipona. Hakupona. Alifariki akiniita Daktari, na wadogo zangu wakamjengea kaburi la saruji. Juu ya kaburi wakaandika jina lake, na chini yake wakaandika: BABA MZAZI WA DAKTARI, kisha jina langu.

Nilikuwepo fundi alipokuwa anaandika. Saruji ilikuwa bado mbichi. Ningeweza kuifuta kwa kidole.

Baada ya mjukuu wangu kuja na swali lake sikulala vizuri wiki nzima. Mwishowe nilimwita, yeye na mama yake, Kemi, nikawaambia. Kisha nikapanda meli kwenda Muleba, mzee wa miaka themanini na moja. Nikawakusanya wadogo zangu waliobaki mbele ya kaburi la baba, nikawaambia na wao. Nikaomba fundi aje na patasi.

Dada yangu alilia. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye alilelewa akiambiwa kila siku awe kama mimi na hakuweza, alisubiri mpaka fundi alipomaliza. Kisha akaniuliza swali moja.

"Kaka, kwa nini hukutuambia siku ileile? Baba asingekurudisha Ulaya. Tungekupokea hivyohivyo."

Niliinama nikaokota vipande vya saruji vyenye herufi za lile neno DAKTARI.

Mjukuu wangu nimemjibu, na ninawajibu vijana wote mnaouliza kama udaktari wa fedha una kazi mbele yake. Ndiyo, unazo. Mabenki yanawataka, vyuo vinawataka, serikali inawataka. Nendeni, someni! Lakini nawasihi, msiende kutafuta jina la kuitwa. Mkirudishiwa sura muisahihishe, aibu yake ni ya mchana mmoja. Na kama umeshindwa kabisa, rudi nyumbani ukiwa umeshindwa. Shuka kwenye ndege, wanyamazishe wapiga ngoma, uwaambie waliokuja kukupokea. Watakupokea! Mimi sikuwapa nafasi hiyo, na aliyenisubiri kuliko wote amelala Muleba bila kujua mwanawe alikuwa nani.